Mswada Upite Kwanza Mikononi mwa Mtoto

Barua ya wazi kwa Chama cha Wachapishaji wa Kenya na wahariri wote wa vitabu vya watoto. Nakala kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD)

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Gataka, upande wa Ongata Rongai, Kaunti ya Kajiado. Ombi langu ni moja, nalitanguliza ili msihangaike kulitafuta: mswada wa kitabu cha watoto usiende mtamboni kabla haujasomwa na watoto. Nasema watoto wa umri uliokusudiwa, wasiomjua mwandishi wala mwenye kampuni, na wausome wakati mhariri bado ana nafasi ya kubadilisha. Wanayoyasema yaandikwe, yapimwe, na pale wanapokuwa na haki kitabu kibadilike.

Tazameni safari ya kitabu cha hadithi hapa kwetu. Mwandishi ni mtu mzima, mara nyingi mwalimu. Mhariri anayeupokea mswada ni mtu mzima, mchoraji vivyo hivyo, na vivyo hivyo afisa wa mauzo anayeuliza kama shule zitakinunua. Ukikusudiwa kutumika shuleni, mswada hupelekwa KICD, ambako jopo la walimu na wataalamu hukagua iwapo maudhui yanaafiki mtaala, lugha imenyooka, michoro inafaa, hata kama karatasi na jalada vitahimili mikono ya darasani. Kikipita, kitabu huingia katika orodha ya vilivyoidhinishwa. Kisha hununuliwa. Vya kiada hununuliwa na serikali, ambayo tangu 2018 imekuwa ikivipeleka shuleni moja kwa moja. Vya hadithi hununuliwa na mzazi aliyefika dukani na karatasi ya mwalimu mkononi. Mtoto hukutana na kitabu mwisho kabisa, wakati hakuna tena sentensi inayoweza kuhamishwa. Hakuna fundi cherehani anayeshona sare ya Gredi ya 3 kwa kumpima mwalimu mkuu, lakini vitabu vya Gredi ya 3 ndivyo tunavyovishona.

Siwadharau wakaguzi. Aliyefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi anajua neno lipi litawakwaza na sentensi ipi ni ndefu mno. Asichoweza kukijua ni mahali ambapo mtoto wa miaka tisa, saa kumi jioni, akiwa peke yake na bila mtihani mbele yake, atakiweka kitabu chini akaenda kucheza. Hilo analijua mtoto mwenyewe, tena mwili wake hulijua kabla ya ulimi.

Hapa mtaani huwa tunakaa na watoto wa majirani siku za Jumamosi tukisoma. Vitabu ni vya kuazimana, vingine vimeshapoteza majalada. Watoto ni mchanganyiko wa kawaida wa Gataka: wa nyumba za kupanga na wa mashamba machache yaliyobaki, wazazi wao wametoka Murang'a, Kisii, Siaya, Machakos, Kakamega, na wengine ni Wamaasai ambao babu zao walichunga mifugo huku kabla ardhi haijakatwa ploti. Nyumbani wanaongea lugha za mama, njiani Sheng, darasani Kiingereza na Kiswahili. Kitabu kipya kikitolewa, swali la kwanza huwa ni hili: "Hiki ni cha mtihani?" Wakiambiwa sicho, hukaa vingine kabisa, miguu inanyooshwa, kitabu kinawekwa mapajani. Ningependa kila mhariri wa vitabu vya watoto alisikie swali hilo kwa masikio yake.

Kuna hadithi moja iliyochapishwa, sitaitaja, inayosimulia kiangazi katika malisho ya upande wa Magadi. Maneno yake ni mazuri. Mchoro wake lakini unaonyesha ng'ombe wa gredi, weusi wenye mabaka meupe, viwele vimejaa, wamesimama katika nyasi zinazowafika magotini. Msichana ambaye mjomba wake huhama na mifugo kila mvua inapokosekana aliutazama mchoro huo kwa muda, kisha akauliza kama ng'ombe hao waliletwa na lori. Alikuwa anatafuta njia ya kuiamini hadithi, na njia pekee aliyoiona ni lori. Baada ya hapo aliendelea kusoma kwa adabu tu. Mchoraji angeurekebisha mchoro ule kwa asubuhi moja, lau msichana huyo angeuona ukiwa bado wa penseli.

Jambo jingine ni ukurasa wa mwisho. Waandishi wetu wengi hawamwachi mtoto aondoke na hadithi bila kumtwika funzo: tangu siku hiyo fulani akajua kwamba uvivu haufai, akawa mtoto mwema, wazazi wakafurahi. Watoto hufika hapo, huona kuwa hakuna tukio tena, hufunga kitabu. Hawakasiriki. Funzo walishalipata kurasa kadhaa nyuma, pale mvulana mvivu alipolala njaa. Aya ile ya mwisho imeandikwa kwa ajili ya mkaguzi na mzazi, na mtoto anatambua upesi kuwa haizungumzi naye. Hata akina mama wa vitabuni wamewashangaza. Mama wa hadithi hutuma watoto sokoni, hukemea, hupika, basi. Mvulana ambaye mamake hupanda matatu ya Nairobi alfajiri aliuliza, "Huyu mama hana kazi?" Katika maswali yote ya ukaguzi niliyowahi kuyasikia kuhusu vitabu vya watoto, sikulisikia hilo.

Ninayoyaomba yamewahi kufanywa kwingine. Mwaka 1936, mjini London, mchapishaji Stanley Unwin alipokea mswada wa The Hobbit wa J. R. R. Tolkien, akampa mwanawe Rayner, mwenye umri wa miaka 10, ausome na kuandika ripoti kwa malipo ya shilingi moja. Mtoto aliusifu, akasema utawafaa watoto wa kati ya miaka mitano na tisa, na mwaka uliofuata kitabu kikachapishwa. Miaka sitini hivi baadaye, katika jiji hilohilo, Nigel Newton wa kampuni ya Bloomsbury alimpa binti yake Alice, mwenye miaka minane, sura ya mwanzo ya hadithi ya Harry Potter, ambayo wachapishaji kadhaa walikuwa wameikataa. Binti alisoma, akarudi kudai iliyosalia.

Visa hivi husimuliwa kama bahati njema ya wachapishaji. Ninachokiona mimi ndani yake ni kwamba watoto wote wawili walikuwa watoto wa wenye kampuni. Walisikilizwa kwa sababu mswada uliingia katika nyumba yao. Nina hakika kwamba nanyi mna wahariri wanaowasomea watoto wao miswada jioni, na ni vyema waendelee. Lakini nyumba za wahariri zina vitabu rafuni na mtu mzima mwenye muda wa kusoma kwa sauti. Mtoto wa nyumba ya aina hiyo atakisamehe kitabu mambo mengi ambayo mtoto wa Gataka, ambaye huenda hicho ndicho kitabu chake pekee cha hadithi mwaka mzima, hatakisamehe.

Na tuna mfano wa karibu zaidi kuliko London. Mwaka 1977, pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Gĩkũyũ, wakaupeleka mswada kwa wanakijiji: wakulima wadogo, vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata. Waliukosoa bila kuogopa shahada za mtu. Wazee walionyesha pale ambapo mzee wa jukwaani alisemeshwa maneno yasiyo ya mzee, na wafanyakazi wakasahihisha habari za kazi na mishahara kwa kuwa walikuwa wakiziishi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akiongoza Idara ya Fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, alieleza baadaye kwamba pale alijifunza upya lugha yake mwenyewe. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba na ulipigwa marufuku Novemba. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Serikali ya wakati huo ilielewa vizuri nguvu ya kazi ambayo wasikilizaji wake wameshiriki kuitunga. Hadhi ya mwandishi haikupungua hata chembe kwa kusahihishwa na kibarua. Sioni ni kwa nini hadhi ya mwandishi yeyote wa leo ipungue kwa kusahihishwa na mtoto wa Gredi ya 4.

Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Huwa tunakikumbuka kifungu hicho mahakamani na katika kesi za malezi. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto nacho kinamhusu mtoto.

Naomba nikae kidogo kwenye namna ya kufanya, maana hapa ndipo nia njema huharibika. Mkija shuleni na gari lenye nembo ya kampuni, mwalimu mkuu akawapanga watoto mstarini, mkawauliza kama hadithi imewafurahisha, mtajibiwa "Ndiyo!" ya darasa zima kwa sauti moja. Mtaandika kwamba mswada umejaribiwa na umependwa, na mtakuwa hamjasikia lolote. Watoto wetu wamelelewa kuwajibu wakubwa kwa heshima. Heshima hiyo ina thamani yake, ila haimsaidii mhariri.

Waambieni mapema kuwa hadithi haijakamilika na kwamba aliyeiandika hayupo chumbani. Wapeni fotokopi za kawaida zilizobanwa kwa pini, bila jina la mwandishi, pamoja na penseli ya kutia alama pale walipochoka au walipopotea. Kitabu chenye jalada la rangi humfanya mtoto aogope kukigusa. Karatasi za fotokopi humwonyesha kuwa bado zinaweza kuandikwa juu. Mwalimu wa darasa, hata awe mpole vipi, asiwe yeye anayeuliza maswali, kwa sababu Jumatatu ndiye atakayesahihisha madaftari. Wala msipokee wanafunzi bora peke yao, wale ambao shule huwatanguliza kila mgeni anapofika. Hao watasoma chochote mtakachowapa. Anayesoma kwa kidole, neno moja baada ya jingine, ndiye atakayewaonyesha kwamba herufi ni ndogo, kwamba mstari umekatwa pabaya, kwamba majina matatu yanayoanza kwa herufi moja yamemchanganya.

Maswali nayo yawe na mahali pa kushika. Uliruka wapi? Nani hapa anaongea kama watu wasivyoongea? Ungekuwa wewe, ungemalizia wapi? Ila njia ninayoiamini kuliko zote haihitaji swali hata moja. Aliyesoma amsimulie mwenzake ambaye hajasoma, na mhariri akae kando asikilize tu. Nimewaona watoto wakifanya hivyo wenyewe, bila kuagizwa, njiani wakirudi nyumbani. Anachokisimulia mtoto ndicho kitabu. Anachokisahau, hata kama ni aya iliyomkalisha mwandishi wiki nzima, pengine kinaweza kuondoka bila mtu kukiulizia. Na pale msimulizi anapoongeza jambo ambalo halikuwemo, mwandishi achukue kalamu haraka, maana hapo hadithi ilikuwa na pengo na mtoto amelijaza.

Msiishie mahali pamoja. Kaunti hii ya Kajiado peke yake inatosha kuipima hadithi kwa macho mengi: mtoto wa ploti za Kitengela, mtoto wa mpakani Namanga anayesikia Kiswahili cha Tanzania kila siku, mtoto wa Magadi anayeijua chumvi na joto, mtoto wa Gataka ambaye ng'ambo ya mto anaona majumba ya Karen. Mnaweza kuwafikia wote ndani ya siku chache kwa gari moja.

Mtanijibu kuhusu gharama. Ni kweli soko ni dogo, ni kweli sheria ya 2013 iliwawekea VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu, na ni kweli nakala haramu huuzwa hadharani. Lakini ninachoomba kinagharimu fotokopi za saiba, nauli ya mhariri kutoka Nairobi, na maziwa na mkate wa watoto. Kuchapisha maelfu ya nakala zitakazolala kwenye kabati la shule kunagharimu zaidi, hata kama zimeshalipiwa. Wanaohofia mswada kuibwa watie nambari kwenye kila nakala, zisomwe papo hapo na kurudishwa. Kuhusu muda, nakubali kwamba wito wa kuwasilisha vitabu vya kiada huja na tarehe zinazobana. Basi anzeni na vitabu vya hadithi, ambavyo tarehe zake huzipanga wenyewe.

Kuna mambo ambayo hayana mjadala. Mzazi au mlezi aridhie, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ni vyema aridhie kwa maandishi. Picha za watoto zisigeuzwe matangazo. Katika kumbukumbu zenu andikeni umri na darasa, majina yabaki nyumbani. Kila aliyesoma mswada apewe kitabu kikitoka, kiwe mali yake, kisitiwe muhuri wa shule. Na ukurasa wa shukrani ukitaje kikundi chao. Rayner Unwin alilipwa shilingi kwa sababu baba yake aliihesabu kazi ile kuwa kazi. Watoto wetu nao wafanyiwe hivyo.

Simfanyi mtoto kuwa hakimu wa mwisho. Mtoto atataka mbwa asife, na mwandishi huenda ana sababu nzito ya kumwacha mbwa afe. Hapa Kajiado tunahitaji hadithi zinazogusa ukeketaji na ndoa za utotoni, na msomaji mdogo akinyamaza mbele ya ukurasa kama huo, ukimya wake hauna maana kwamba ukurasa ni mbaya. Mahali kama hapo pawe na mtu mzima anayeaminiwa na mtoto, na mwandishi apime kwa busara yake. Ana haki ya kukataa ushauri. Ninachotaka ni kwamba akiukataa, awe ameusikia.

Kwa KICD, ombi langu linaingia katika ukurasa mmoja. Kila mswada wa kitabu cha hadithi unaowasilishwa kwenu uambatane na maelezo mafupi: ulisomwa na watoto wa umri gani, katika maeneo gani, walikwama wapi, na mwandishi alibadilisha nini au alikataa kubadilisha nini na kwa sababu gani. Wakaguzi wenu wausome ukurasa huo kabla ya kutoa alama. Mkiutaka ninyi, kila kampuni itaufanya. Mkiuacha kuwa hiari, zitaufanya chache zenye moyo.

Serikali ya Kaunti ya Kajiado nayo ina sehemu yake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Chumba chenye viti na dirisha, kikiwa wazi Jumamosi, kinatosha kuwa mahali ambapo mhariri atawakuta watoto bila kuvuruga masomo yao. Wazazi wa huku tuko tayari kupokezana kukisimamia.

Na kwa Chama cha Wachapishaji: ninyi ndio mmekuwa mkiandaa Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi tangu 1998. Kila yanapofanyika, mabasi ya shule huleta wanafunzi wanaopita kati ya meza za vitabu vilivyokamilika, wakivishika, wakivirudisha, wakielekezwa na muuzaji. Katika maonyesho yajayo tengeni meza moja ya miswada ambayo haijachapishwa, wekeni penseli na mikeka, na wahariri wakae hapo kusikiliza badala ya kuuza. Kabla ya siku hiyo, mhariri yeyote atakayetaka kuanza mapema na alete mswada wake Gataka Jumamosi yoyote. Tutampokea.

Wenu,
Mzazi na msomaji,
Gataka, Kajiado